Naomba ushauri: slaidi zinatoa vidoa vya kahawia baada ya kufunikwa

Habari zenu wakuu. Niko maabara ya histolojia (uchunguzi wa tishu kwa hadubini) hapa Dodoma, tunapaka tishu rangi za hematoksilini na eosini. Tangu upepo huu mkavu wa Julai uanze, slaidi nikishazifunika, viini vya seli vinaonekana vyeusi, vina vidoa vya kahawia vinavyong'aa. Nahisi zailini, kimiminika tunachopitishia slaidi kabla ya kuzifunika, inakauka kabla sijaweka gundi na kifuniko cha kioo, hewa inanaswa juu ya tishu.

Moja niliiloweka tena kwenye zailini mpaka kifuniko kikaachia, nikairudisha kwenye alkoholi hadi maji, nikaanza upya. Ikatoka safi. Lakini siwezi kurudia zote, na kuna wagonjwa wanasubiri majibu ya saratani. Hilo linaninyima usingizi. Nikifunga dirisha na kuzima feni ili isikauke haraka, mvuke wa zailini unatuumiza. Wenzangu wa Dodoma na Singida, mnafanyaje?