Land Cruiser 80, injini 1HZ: usukani unapiga kwenye 70. Niinue gari kwanza au nianze na hili?

Mizinga_Rau

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, Rau. Nina Land Cruiser 80 ya 1995, injini 1HZ, gia za mkono. Ni shangingi la enzi zile, ila toleo la kazi: viti vya kitambaa, vioo vya kuzungusha, fri-wili za mkono (swichi za kuunganisha magurudumu ya mbele) kwenye habu za mbele. Nafuga nyuki upande wa Engarenairobi, kwa hiyo njia yangu ni Boma Ng'ombe, Sanya Juu, halafu vumbi. Masika vumbi hilohilo ni tope. Kurudi nimepakia ndoo za asali, na mara nyingine mizinga juu ya keria.

Oili, filta, pedi za breki na krosi za propela nafanya mwenyewe uani. Kubwa zaidi ya hapo napeleka gereji.

Nina mambo mawili. La kwanza, nikiwa kwenye 70 au 80 nikakanyaga shimo dogo au rasta (yale matuta madogo madogo yanayofuatana), usukani unaanza kupiga kushoto kulia wenyewe, hautulii mpaka nipunguze mwendo kabisa. Abiria wangu wa mwisho alishuka Boma akasema atamalizia na daladala. Tena gurudumu la mbele kulia, upande wa ndani, kuna majimaji meusi mazito yanachuruzika.

La pili, nilikuwa nimejipanga kuliinua, niweke mkonga (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu ya paa), na tairi za 285/75R16 badala ya hizi 265/70R16. Fundi niliyemwonyesha anasema shokapu ya usukani imekufa, niweke kubwa, na springi za inchi 4 zitamaliza habari yote kwa mkupuo. Shemeji yangu anasema ni balansi ya tairi tu. Nianzie wapi?

ChaliiWaSakina

Inchi 4, tairi za 35, taa ya LED ndefu juu ya kioo, umemaliza. Hilo dude litaheshimiwa mpaka Holili. Shokapu za usukani weka mbili kabisa, usukani hautikisiki hata kwa dawa.

Fundi_Ngaramtoni

Mama wa nyuki, pole. Huyo kijana wa Sakina msamehe, kwao gari ni la kupigia picha pale mnara wa saa.

Nimekaa chini ya magari ya utalii kwa muda mrefu, na mengi yaliyokuja yakitikisa usukani yalikuwa tayari yamefungwa shokapu mpya. Shokapu ya usukani kazi yake ni kupoza mtikisiko mdogo mdogo usifike mikononi. Ukifunga nene, au mbili, uchezaji unabaki palepale ulipo, ila wewe huusikii. Utausikia siku umepakia, umeshuka mteremko, na shokapu imeshachoka.

Kwa maelezo yako mimi nashuku beringi za kingpini. Pale nyuma ya gurudumu la mbele kuna tufe la chuma. Ndani yake imo sivi jointi, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, na juu na chini ya tufe kuna beringi mbili ndogo ambazo gurudumu zima linazizungukia unapokata kona. Zikilika, gurudumu linakosa kizuizi. Likigongwa na shimo linaanza kuyumba, na la upande wa pili linafuata kwa sababu yameunganishwa na tairoji.

Hayo majimaji meusi ni habari ya sili ya ndani ya ekseli. Ikichoka, oili ya difu inapita, inaingia ndani ya tufe, inaiyeyusha grisi, na mchanganyiko huo ndio unaouona ukichuruzika. Futa kwa kitambaa unuse. Ukisikia ule mkali wa oili ya gia, hakuna haja ya kubishana na mtu. Na kama grisi imeyeyuka, beringi za kingpini zimekuwa zikiogea uji badala ya grisi, kwa hiyo matatizo yako mawili yana mzazi mmoja.

Usiniamini kwa maneno, pima. Piga jeki gurudumu la kulia, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza, mwite mtu akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu, kazi ya kukaza tu au kubadilisha. Mchezo ukibaki na breki imekanyagwa, ni kingpini. Kisha shika kushoto na kulia: likicheza hapo, tazama tairoji. Baada ya hapo shusha gari, washa injini, mtu azungushe usukani kidogo kidogo kushoto kulia, wewe chungulia kutoka mbele. Tazama panadi, ule mkono mrefu unaokwenda kutoka chasisi hadi ekseli. Bushi zake zikiwa zimekwisha utaona chasisi inasogea ekseli ikiwa imetulia. Na nati nne zinazoshika mkono wa usukani kwenye tufe zigusie spana zote. Kwenye 80 zinajulikana kwa kulegea, na zikilegea stadi zinakatika.

Shemeji hajakosea sana. Balansi mbaya inaweza kuanzisha mtikisiko, lakini ingekuwa balansi peke yake, usukani usingengoja shimo ndipo uanze kucheza ngoma. Balansi fanya, ni hela ndogo.

Sasa kuinua. Ekseli ya mbele ya 80 imeshikwa na mikono miwili inayotoka nyuma. Kiwandani kingpini imelazwa nyuma kidogo, digrii 3 hivi. Hiyo ndiyo kasta, na ndiyo inayofanya usukani urudi katikati wenyewe, sawa na uma wa baiskeli ulivyolala. Ukiinua chasisi, mikono ile inainama, ekseli inazunguka, kingpini inasimama wima. Usukani unakuwa mwepesi na unatangatanga. Kwa inchi 2 zipo bushi zenye tundu lililopogoka, lisilo katikati, za kurudisha kasta, unazipiga kwenye hiyo mikono kwa presi. Kwa inchi 4 bushi hazitoshi. Utaingia kwenye mikono mipya, panadi ya kurekebishika, pembe za propela na mipira mirefu ya breki. Aliyekuambia inchi 4 zitatibu usukani unaopiga amekuuzia ugonjwa mwingine juu ya ulio nao.

Inchi 2 zinakutosha Engarenairobi, Londorosi na kokote mizinga inakokaa. Lakini usianze nazo.

Mizinga_Rau

Shikamoo mzee. Nimefanya leo jioni, mtoto wa jirani alikanyaga breki. Kulia mchezo umebaki hata breki imekanyagwa. Kushoto upo kidogo, mpaka nijilazimishe kuusikia. Kitambaa kinanuka oili ya gia kabisa. Panadi bushi za upande wa chasisi zimepasuka.

Swali: hii kazi ya kufungua tufe naiweza uani bila shimo wala lifti? Na nifungue upande mmoja au zote mbili?

Fundi_Ngaramtoni

Marahaba. Unaiweza. Haihitaji shimo, inahitaji sehemu tambarare, stendi mbili za maana na matambara mengi kuliko unavyodhani. Tofali la saruji usiliite stendi, linapasuka bila taarifa.

Fungua zote mbili. Sili, beringi na gasketi zinauzwa kwa seti ya upande, chukua mbili. Kushoto ambako hujasikia vizuri leo utakusikia baada ya Pasaka.

Kifaa ambacho huna ni soketi ya 54 ya nati ya habu. Hapo ndipo gereji nyingi zinaniudhi. Nati ile inagongwa kwa tindo na nyundo, vipande vya chuma vinaanguka kwenye beringi mpya, halafu mteja anaambiwa spea za siku hizi feki. Nunua soketi au azima. Nyingine ni patasi ya shaba au kipande cha shaba chochote, kwa sababu zile nati ndogo za pembeni ya habu zina washa za koni ambazo hazitoki kwa kuvutwa. Legeza nati, ziache zikiwa zimeshika kwa nyuzi chache, gonga habu kwa shaba pembeni, koni zinaruka zenyewe.

Kalipa ya breki ukiitoa ining'inize kwa waya, isibebwe na mpira wa breki. Ukifika kwenye kingpini utakuta vibati vyembamba, shimu, juu na chini. Za juu zifunge kwenye mfuko wake, za chini wake, kulia na kushoto vilevile. Ukizichanganya, ekseli haikai tena katikati ya sili na utarudi mwanzo. Beringi mpya zikiwa za kipimo kilekile, mara nyingi shimu za zamani zinafaa, ila pima. Wewe wa asali una mizani ya kuning'iniza. Kabla hujafunga vile vitambaa vya sili vya nyuma ya tufe, fungia mizani kwenye tundu la tairoji, vuta kwa pembe mraba. Gurudumu likianza kuzunguka mizani isome kati ya kilo 3 na 6. Chini ya hapo punguza shimu, juu ya hapo ongeza.

Sili ya ndani ya ekseli igonge taratibu ikae sawa pande zote, na shafti uirudishe umeibeba kwa mkono. Shafti ikilala juu ya sili mpya unaikata kabla haijafanya kazi hata siku moja. Grisi ya sivi na tufe ni ile nyeusi ya molibdeni, jaza tufe robo tatu, sio mpaka juu. Habu tumia grisi ya kawaida ya beringi. Ukimaliza, angalia kimo cha oili ya difu, maana ile iliyokuwa inachuruzika ilitoka huko.

Ukiwa hapohapo chini, tafuta kipumulio cha difu, kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Kitoe, funga mpira mrefu wa mafuta mpaka ndani ya boneti. Difu la moto likiingia kwenye maji baridi ya mto linavuta, na kipumulio kikiwa kimeziba linavutia maji kwenye sili. Oili inageuka nyeupe na mwenye gari hana habari. Katika mambo yote unayotaka kufanya, hili ndilo la bei ndogo kuliko yote, na silioni kwenye picha za hawa vijana.

Dereva_EngareSero

Naongezea kwenye tairi, dada. Ukitoka 265/70 kwenda 285/75, gurudumu linakua kwa asilimia 7 hivi. Mita ikisoma 50, wewe uko 53 na ushee, na wale trafiki wa tochi ya kupima mwendo pale Kikatiti hawasomi mita yako. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba 1HZ haina tabo (kile kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini), pumzi yake ni ya kuhesabu, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Gia ya tano na tairi kubwa na ndoo za asali kutoka Boma kupanda Sanya Juu utakuwa unaiona tu kwenye nobu ya gia. 265/75 inakaa katikati, mimi ningeishia hapo.

Usishawishike kufunga tabo kwenye 1HZ uani pia. Mgandamizo wake ni 22.4 kwa 1, haikutengenezwa kusukumiwa hewa. Watu wanafunga, zinavuta vizuri sana, halafu hedi inapasuka.

Na rasta: njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka imeua shokapu zangu nyingi kuliko mawe. Punguza upepo. Mimi lami natembea na PSI 36, vumbi nashuka 26 au 28, nikirudi lami najaza. Pampu ndogo ya kufunga kwenye betri inatosha.

Springi usichukue za mzigo mzito kwa sababu tu siku moja unabeba mizinga. Gari tupu juu ya springi ngumu linarukaruka, na hapo ndipo usukani unapopata sababu ya kupiga. Pima mzigo wa kawaida. Dumu la lita 20 la dizeli pamoja na chuma chake ni kilo 20 na kitu, ukiweka manne juu ya keria umempandisha mtu mzima darini.

ChaliiWaSakina

Sawa wazee, nimekubali kuhusu shokapu. LED siachi.

Mizinga_Rau

Asanteni sana. Kwa hiyo mpangilio: kingpini na sili pande zote, bushi za panadi, tairoji nikikuta zimechoka, balansi na alaimenti (kunyoosha magurudumu), kipumulio. Nitembee nalo hivyo msimu mmoja. Kisha inchi 2 na bushi za kasta pamoja, na tairi 265/75 hizi zikiisha. Mkonga je, mzee? Nao usubiri?

Fundi_Ngaramtoni

Mkonga unaweza kufunga hata kesho, hauhusiani na ekseli. Kwako faida yake ni vumbi zaidi ya maji, unavuta hewa juu ya lile wingu la gari la mbele. Shida ni kwamba mikonga mingi mjini imetobolewa tu kwenye mbawa ikaachwa. Mpira wa kuungana na boksi la filta haukazwi, na tundu la boksi la kutolea maji linabaki wazi. Ukishafunga, washa injini ikae silensa, panda juu uzibe mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao. Isizime ndani ya sekunde chache, ujue kuna mahali inavuta hewa pembeni. Tafuta tundu, paka silikoni, rudia.

Bushi za panadi usipige kwa nyundo. Peleka Unga Limited pale Arusha au huko Moshi kwenye presi yoyote, dakika kumi. Na boliti zake kaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake chini, sio likiwa juu ya stendi, la sivyo zitapasuka tena mapema.

Alaimenti iwe ya mwisho, baada ya vyote hivyo.