Naomba ushauri: nipande nini katikati ya mianzi?

Salaam aleikum wakulima wenzangu. Nina ekari moja huku Mwakirunge, Kisauni. Mwaka juzi nilipanda mianzi ile ya mashina ya njano, mita 5 kwa 5. Msimu wa kwanza kunde zilikubali, hata majirani walichuma mboga. Masika haya mihogo iliyo karibu na vichaka imedumaa na majani yamepauka, ilhali ya katikati imenawiri. Najua mizizi ya mianzi hukaa juujuu, inagombania maji na mbolea. Je, nichimbe mtaro niikate, au nipogoe jua lipite? Baba anasema ning'oe yote (yeye na minazi tu!). Kuna aliyejaribu tangawizi au bizari ya manjano kivulini huku pwani? Nijibuni kabla ya vuli.