Mada: Je, kampuni za simu zipunguzwe ili mtandao ufike vijijini?

Mleta mada, Moshi

Kuna hoja inayozidi kupata wafuasi hapa mjini, kwamba kampuni tano za simu ni nyingi mno kwa nchi ambayo vijiji vyake vingi havina wateja wa kutosha kulipia hata mnara mmoja, na kwamba Serikali ikiziruhusu ziungane zikabaki tatu, kila moja itakuwa na masafa (yaani mawimbi ya redio yanayobeba simu na data) na mtaji wa kufikisha huduma hadi kule ambako leo mtu hupanda kilimani ili ujumbe wake uende. Naipinga hoja hiyo. Kinachofikisha mtandao kijijini ni sharti lililoandikwa kwenye leseni ya masafa na likasimamiwa kweli. Sharti hilo lisipokuwepo, kampuni iwe kubwa au ndogo itajenga palipo na fedha.

Tuanze na masafa yenyewe, maana wengi wetu huyazungumzia kana kwamba yote ni ya namna moja. Masafa ya chini, kama yale ya megahezi 700 yaliyokuwa yakitumiwa na televisheni za analojia, husafiri mbali na hupenya kuta na miti vizuri zaidi. Masafa ya juu, kama yale ya megahezi 2600 na 3500, hubeba data nyingi sana lakini huishia karibu. Mnada ulioendeshwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, mwezi Oktoba 2022 ulihusisha masafa ya aina zote mbili na uliingiza zaidi ya dola milioni 187 za Marekani. Airtel peke yake ililipa dola milioni 60.1 kwa upana wa megahezi 140 katika masafa ya 2600 na 3500. Hayo ni masafa ya mjini, na siwalaumu walioyanunua, kwa kuwa mfanyabiashara hununua kinachomlipa. Ila tusidanganyane kwamba mnada uliovuna fedha nyingi ni dalili ya vijiji vya mlimani kama vya Uru Kaskazini kupata mtandao.

Anayeijua miteremko ya Kilimanjaro atanielewa. Vijiji vyetu viko juu ya migongo, na kati ya mgongo mmoja na mwingine kuna bonde lenye mto. Ukitoka Kibosho kwenda Machame kwa njia za miguu, simu huwa na mtandao kamili ukiwa juu. Ukianza kuteremka kuelekea Weruweru unapungua, na ukifika chini penye migomba na miti mikubwa unakatika, mpaka upandishe upande wa pili. Kaya zilizoko mabondeni hazina shida na megahezi 3500. Zinahitaji masafa ya chini na mnara uliosimamishwa mahali panapolitazama bonde, yaani mahali ambapo hesabu za biashara hazitauweka kamwe. Wakati huohuo, intaneti ya kasi ya TTCL, shirika la simu la Serikali, ilizinduliwa Horombo, kituo cha wapanda Mlima Kilimanjaro kilichoko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, mwezi Agosti 2022. Sina kinyongo na watalii wala wapagazi, lakini sitaki tena kuambiwa kwamba mlima ndio kikwazo.

Kuhusu miungano, tunayo mifano ya nyumbani. Zantel ilimezwa na Tigo, kisha Tigo yenyewe ikanunuliwa na kundi la makampuni la Axian mwaka 2022, na leo inaitwa Yas. Wenye mali walibadilika, na rangi za vibanda zikabadilika pia. Halotel, kwa upande wake, iliingia sokoni mwaka 2015 ikiwa mpya kabisa, huku ikiwa imefungwa na makubaliano ya kupeleka huduma vijijini, nayo ikajenga. Naomba anayeunga mkono muungano anieleze kwa nini mfano wa pili usitufundishe zaidi kuliko wa kwanza.

Mchangiaji, Arusha (fundi wa minara)

Ndugu mleta mada, nakubaliana nawe kuhusu tabia ya masafa, lakini umeruka gharama, na gharama ndiyo mada yenyewe. Nimefanya kazi kwenye minara ya Longido na Monduli. Mnara usiofikiwa na umeme wa gridi unaendeshwa kwa jua, betri na jenereta. Dizeli inapelekwa na gari juu ya njia ambayo mvua za masika huifuta, betri zinaibwa, mlinzi anataka mshahara, na boma lililo karibu lina laini nne zinazowekewa vocha ya mia tano. Hata ukiandika sharti kwa wino wa dhahabu, kampuni yenye faida nyembamba itajenga mnara wa kukaguliwa, kisha itauacha uzimike saa sita usiku dizeli inapokwisha. Wateja wa kampuni mbili wakiwa kwenye mnara mmoja, angalau dizeli inalipika.

La pili, umezungumzia mahali ambapo mtandao haufiki, hukuzungumzia mahali ulipofika ukazidiwa. Nenda Marangu au Rombo wiki ya Krismasi, watu wakiwa wamerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Simu inaonyesha mistari yote, lakini picha haiendi, na muamala unazunguka hadi unakataa. Hapo minara ipo. Kilichokosekana ni upana wa masafa. Kampuni mbili zenye vipande vyembamba zikiungana, vipande vyote vinawekwa kwenye mnara uleule na njia inapanuka. Ndivyo ilivyokuwa Marekani mwaka 2020: T-Mobile ilikuwa na masafa ya chini yanayofika mbali, Sprint ilikuwa na mengi ya megahezi 2500, na zilipoungana zikapata mtandao ambao hakuna kati yao aliyeweza kuujenga peke yake.

Mchangiaji, Ngaramtoni

Mimi ni wakala wa pesa za simu, na mezani pangu kuna laini za mitandao yote. Mtandao mmoja ukisumbua siku ya soko, nahamishia wateja kwenye mwingine na kazi inaendelea. Mitandao ikibaki mitatu, halafu mmoja ukazima, robo tatu ya foleni yangu itaondoka na mikungu yake ya ndizi bila kulipwa. Na bei za vifurushi mnazisahau? Kila kampuni inapopandisha bei, hutazama kwanza jirani anafanya nini. Majirani wakipungua, hata haja ya kutazama itapungua.

Mchangiaji, Longido

Ninaomba kuuliza tu. Huku kwetu karibu na Namanga kuna maeneo ambayo simu hukamata mtandao wa Kenya kabla ya wa Tanzania. Hao wenzetu wa ng'ambo wamewezaje, ilhali nyika ni hiyohiyo?

Mleta mada, Moshi

Ndugu wa Longido, mnara wa upande wa pili pengine uliwekwa kwa ajili ya barabara na mji wa mpakani, nanyi mnafaidi mabaki. Swali lako hata hivyo linadokeza jambo la kweli, kwamba nyika haimzuii anayelipwa au kulazimishwa kujenga.

Nimrudie fundi, ambaye ametoa hoja nzito kuliko zote. Mfano wa Marekani unausimulia nusu. Mamlaka ya mawasiliano ya huko haikuziruhusu T-Mobile na Sprint ziungane kwa imani tu. Kampuni ilijifunga kufikisha 5G, yaani mtandao wa kizazi cha tano, kwa asilimia 97 ya watu ndani ya miaka 3 na asilimia 99 ndani ya miaka 6, na kwa vijijini pekee asilimia 85, kisha 90, kwa muda huohuo, huku faini ikiisubiri iwapo ingeshindwa. Hilo ndilo sharti ninalolizungumzia. Upande wa ushindani mambo hayakwenda vizuri hivyo: Dish, kampuni ya televisheni ya setilaiti, ilitayarishwa kuwa kampuni ya nne ya simu badala ya Sprint, na mwaka 2025 mmiliki wake, EchoStar, alikubali kuiuzia kampuni kubwa ya simu ya AT&T sehemu kubwa ya masafa yake. Uingereza nao waliporuhusu Vodafone na Three kuungana waliweka masharti ya uwekezaji katika mtandao, pamoja na kikomo cha bei za baadhi ya vifurushi kwa miaka 3. Kwa hiyo hata wanaokubali muungano hawauamini ukiwa peke yake.

Kuhusu dizeli, minara mingi hapa nchini haimilikiwi tena na kampuni za simu. Vodacom iliiuzia Helios Towers, kampuni ya kumiliki minara, minara yake mwaka 2013, na ya Airtel ilikwenda kwa SBA, kampuni nyingine ya aina hiyo. Mwenye mnara hukodisha nafasi kwa yeyote, kwa hiyo kampuni tatu zinaweza kuchangia jenereta moja bila kuwa kampuni moja. Panapokosekana hata mpangaji mmoja, tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao mwezi Mei 2023 ulisaini mikataba ya minara 758 katika kata 713 kwa ruzuku ya Serikali. Kasoro ninayoiona katika utaratibu huo ni kipimo chake. Kata inahesabiwa kuwa imefikiwa mnara ukishasimama, wakati kata moja ya mlimani inaweza kuwa na migongo mitatu na mabonde mawili. Kipimo kiwe kitongoji, na kiangalie pia saa ambazo mnara umewaka, ili ule mnara wako unaozimika saa sita usiku usihesabiwe kabisa.

Hilo la Krismasi nakuachia ushindi wa nusu. Upana wa masafa ni tatizo la kweli, lakini kuna njia fupi kuliko kuunganisha kampuni: mwenye masafa asiyoyatumia katika wilaya fulani alazimishwe kumkodishia mwenzake anayezidiwa, ama ayarudishe TCRA. Wewe unayeingia kwenye hivyo vibanda vya minara unaweza kutueleza kama mitambo iliyoko Rombo na Marangu ingehitaji antena mpya kubeba masafa ya kampuni nyingine, au ingetosha kubadilisha mipangilio. Jibu likiwa ni antena mpya, nani azilipie?