Tupeane uzoefu: Siku kifaa chako kilipogoma mbele ya mgeni rasmi

Fundi wa Kihesa
Wakuu, kamwene. Leo nimepita pale uwanja wa Samora nikakuta vijana wanafunga mahema na kupandisha spika, bango linasema kampuni changa zitazindua teknolojia zao. Tumbo likanikoroga palepale barabarani. Miaka imepita ila mwili haujasahau.

Tulikuwa watatu, tumetengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo. Unakichomeka shambani, udongo ukikauka kinamtumia mkulima ujumbe, hata akiwa na kitochi anaupata. Nyumbani kilipiga kazi wiki 3 bila kukosea. Siku ya siku tukapewa dakika 5. Nina ndoo mbili mezani, moja udongo mkavu, nyingine nimeimwagia maji. Nikajitia ujasiri nikamwomba mgeni rasmi namba yake ili ujumbe uingie kwake, ukumbi ukapiga makofi. Nikachomeka. Kimya. Nikachomoa, nikachomeka tena. Kimya. Kitaa cha kifaa kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima. Mwenzangu ananinong'oneza "ongea, ongea", basi nikaanza kueleza umuhimu wa mvua kwa taifa. Kengele ikagongwa, nikabeba ndoo zangu.

Usiku nikakichomeka kwenye umeme wa gesti. Kikafufuka, kikatuma jumbe zote kilizokuwa kimezikalia. Mgeni rasmi akapokea jumbe 17 mfululizo: SHAMBA LAKO LIMEKAUKA. Akapiga mwenyewe, saa 5 usiku, kuuliza nina ugomvi gani na shamba lake.

Haya, nanyi tupeni yenu.

Baridi ya Makete
"Ongea, ongea" 😂 Hayo maneno nayajua. Yakitamkwa ujue mmekwisha.

Dogo wa Iyunga
Mkuu, mlitumia SIM800L, ile moduli ya laini ya simu inayotuma ujumbe? Na pale jukwaani umeme mlichukua kwenye kompyuta?

Fundi wa Kihesa
Ndiyo na ndiyo. Umejuaje?

Dogo wa Iyunga
Hako kadude kakitaka kurusha ujumbe kanavuta mpaka ampia 2 kwa mpigo. Tundu la kawaida la USB kwenye kompyuta linatoa nusu ampia. Kanapojaribu tu, volti zinashuka, kanajizima, kanawaka upya, kanajaribu tena. Ndiyo hicho kitaa mlichokuwa mnakitazama. Nyumbani mlitumia chaja ya ukutani, ndiyo maana hamkuliona. Kapasita moja nene (ile ya kutunza umeme kidogo) karibu na moduli na chaja ya maana, mngepona.

Fundi wa Kihesa
Aisee. Miaka yote hii namlaumu mwenzangu kwamba aligusa waya.

Kiazi Mviringo
Mimi ni Njombe, programu ya bei za viazi na parachichi. Mtandao wa ukumbini ulikuwa unapaa kama ndege mpaka watu walipoingia. Kila mmoja na simu yake, na kila kampuni imekuja na kirauta chake cha kugawa intaneti. Kile kiduara cha kusubiri kilizunguka mpaka majaji wakaanza kuongea mambo ya misiba. Baadaye nikajua hata Steve Jobs, bosi wa Apple, yalimkuta, mwaka 2010 akionyesha iPhone 4. Vile virauta vya mfukoni vilikuwa zaidi ya 500 ukumbini, ukurasa ukagoma kufunguka, ikabidi aombe watu wazime. Mimi sikuwa na ubavu wa kumwambia mkuu wa wilaya azime simu.

Mtoto wa Rungwe
Nimekaa nasoma nikasema nisichangie, ila mmenigusa.

Nilitengeneza mashine ya kutotolesha mayai, inasomeka joto kwenye simu ukiwa popote. Uzinduzi ulikuwa Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Mayai ya kuku ni siku 21, nikapiga hesabu, nikayaweka tarehe 18 Julai ili vifaranga watoke tarehe 8 Agosti mbele ya watu. Nikachapisha na vipeperushi: NJOO USHUHUDIE KIFARANGA AKITOKA, SAA 4 ASUBUHI. Tukatoka Tukuyu na mashine kwenye kosta, nimeipakata kama mgonjwa, inakula betri ya pikipiki.

Usiku wa kuamkia tarehe 6, gesti moja maeneo ya Kabwe, nimelala. Nasikia chwi. Nikadhani naota. Chwi chwi. Kuwasha taa, yai limetoboka. Kufika asubuhi wametoka 34. Wazima, wazuri, wananitazama. Na uzinduzi ni kesho kutwa!

Hapo mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nilikuwa nawaza vipeperushi. Nikawaweka kwenye boksi, nikawalisha chenga za mahindi, na tarehe 8 alfajiri nikachagua sita, nikawarudisha ndani ya mashine, nikawapangia maganda juu, na (Mungu anisamehe) nikawanyunyizia maji ya uvuguvugu waonekane ndiyo wanatoka.

Saa 4 banda limejaa. Nikaongea, nikatoa takwimu, nikasema "na sasa!" nikafungua mlango. Wakuu, kifaranga aliyetoka sasa hivi hana nguvu, anajilalia tu. Wangu walikuwa na siku mbili na njaa juu. Waliruka! Mmoja kapita katikati ya viatu vya wageni, mmoja kapanda kwenye meza ya vitabu vya wageni, maganda yametapakaa. Watu wanashangilia, wanadhani ndiyo teknolojia yenyewe. Mbele kabisa alikuwepo bibi mmoja na kitenge chake. Akamdaka mmoja, akamgeuza, akamtazama nyuma. Akasema taratibu, lakini maikrofoni ilikuwa karibu: "Mjukuu wangu, huyu ametoka sasa hivi, mbona anakunya mahindi?"

Baridi ya Makete
Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuangalia.

Kijiwe cha Mwanjelwa
Hii chai. Tena ya Tukuyu kabisa, majani mabichi. Leteni vitafunwa.

Mtoto wa Rungwe
Chai? Ungeinywa wewe ile aibu ungeniambia.

Mama Kuku Mafinga
Si chai hata kidogo. Joto linatakiwa nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Likizidi kidogo siku zote wanatoka mapema, siku ya 19 au 20. Likipungua unangoja mpaka ya 22, 23. Mdogo wangu, kihisi chako cha joto ulikiweka wapi?

Mtoto wa Rungwe
Chini, karibu na mlango, dada.

Mama Kuku Mafinga
Basi ndiyo hapo. Julai ya Tukuyu na mlango unaovuja baridi, kihisi kinasoma kuna baridi, mashine inaongeza moto, mayai juu yanaungua. Kipimo kinakaa usawa wa yai. Na siku ya 18 unaacha kugeuza mayai. Sogeza kihisi, mashine yako haina kosa lingine.

Mzee wa Uyole
Mnacheka, lakini huu ni utapeli. Mkulima anatoa hela ya mavuno kununua mashine, kumbe alioneshwa maigizo. Ndiyo maana vijana hamuaminiwi.

Kiazi Mviringo
Mzee wangu, shikamoo. iPhone ya kwanza Januari 2007 nayo ilioneshwa ikiwa haijakamilika. Mafundi walimpangia Jobs afungue kipi kwanza na kipi baadaye, akikosea mpangilio inazima. Na alikuwa na simu kadhaa, moja ikichoka anashika nyingine. Ilianza kuuzwa Juni. Huyo naye tapeli?

Mzee wa Uyole
Marahaba. Simu yake aliinyunyizia maji ya uvuguvugu?

Kijiwe cha Mwanjelwa
😂😂 Uzi ufungwe.

Mzee wa Uyole
Sicheki. Mashine ilitotoa 34 kwa betri ya pikipiki! Angesimama aseme "wamewahi, hawa hapa", angeuza siku ileile. Alichoficha ndicho kilikuwa biashara.

Mtoto wa Rungwe
Mzee, hilo bibi aliniambia baadaye karibu neno kwa neno. Halafu akanidai mmoja.

Dogo wa Iyunga
Nina onyesho mwezi ujao, naombeni ushauri wa kweli. Nirekodi video kabla?

Kiazi Mviringo
Rekodi. Ikigoma unaicheza na kuendelea kuongea.

Fundi wa Kihesa
Usirekodi, majaji wakiona video tu wanadhani kifaa hakipo. Onyesha chenyewe, ila usimwombe mgeni rasmi namba.

Baridi ya Makete
Vaa suti. Watu wanasamehe suti.

Kijiwe cha Mwanjelwa
Ukivaa suti wanadhani una hela, hawakupi kitu. Vaa koti la Makete.

Mama Kuku Mafinga
Ikigoma usijitetee. Mwaka 1998 Windows 98 ilizimika mbele ya Bill Gates mwenyewe, skrini ya bluu, msaidizi alikuwa anachomeka skana. Akasema labda ndiyo maana bado hatujaanza kuiuza. Watu wakacheka, wakaendelea.

Mzee wa Uyole
Huyo alikuwa tajiri tayari. Tajiri akikosea ni utani.

Dogo wa Iyunga
Sasa nifuate lipi?

Fundi wa Kihesa
Chaja ya ukutani. Mengine utajua hukohuko.

Baridi ya Makete
Mtoto wa Rungwe, swali moja hujajibu. Wale 28 waliobaki gesti?

Mtoto wa Rungwe
Nilirudi jioni nikamkuta mhudumu amewahamishia kitanda cha pili na taa kawawashia. Akanidai hela ya vitanda viwili.