Naomba ushauri: jumuiya inataka kumvunia jirani mahindi, mwenyewe hataki

KatibuWaJumuiya:
Hamjambo wapendwa. Niko upande wa Burnt Forest, Uasin Gishu. Mimi ni Mkalenjin, Mkatoliki. Jirani yetu ni mama mjane, Mkikuyu, aliyefukuzwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, mapema 2008, akarudi baadaye kwenye ekari zake tatu. Mwaka huu kiuno kimemshika. Mahindi yamekauka, mvua haikatiki, mengine yanaoza yakiwa yamesimama. Vibarua wanalikwepa boma lake. Uchaguzi ukinukia, watu huogopa kuonekana wakiingia kwa fulani.

Nilipendekeza jumuiya yetu ndogo ya kanisa ikamvunie Jumamosi. Baadhi wakaguna: "Mbona wetu hawavuniwi?" Mwaniaji mmoja wa kiti cha wadi akasikia, akaahidi trekta na mpiga picha. Nikaenda kumwambia mama. Alinipa chai, akasema, "Asanteni, lakini acheni tu." Nilipombana ndipo akatoboa: kwenye orodha yetu yumo mzee aliyeonekana akiswaga ng'ombe wa mama siku nyumba yake ilipochomwa. Mzee huyo ndiye msomaji wetu kanisani. Tufanyeje?

Mama_Tumaini:
Trekta ikatae leo hii. Picha ikishaingia Facebook, mama atahesabiwa mtu wa mwaniaji huyo. Mwaniaji akianguka, nani atalala bomani kumlinda mama? Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, sasa nyinyi mnataka wadi nzima ijue.

MkimbiziWaZamani:
Januari 2008 nililala kwenye kiwanja cha Kathedro ya Moyo Mtakatifu, Eldoret, pamoja na wanangu. Tulikuwa maelfu. Marehemu Askofu Cornelius Korir alikuwa Mkalenjin, na wapo wa kabila lake waliomwona msaliti kwa kutupokea. Hilo linasimuliwa sana. Lisilosimuliwa ni kwamba baadaye hakuharakisha kutukutanisha. Kila upande ulikaa kivyake kwanza, watu wakatapika yaliyokuwa moyoni bila kuchunga maneno. Ndipo wachache wa huku na huku wakaonana, na kazi za pamoja kama barabara na shule zikafuata. Nyinyi mmeanzia mwisho. Huyo mama hajakataa upendo, amekataa kumwandalia uji mtu aliyeondoka na ng'ombe wake huku wote mkijifanya hamjui.

Zakayo19:
Naunga mkono. Zakayo alipompokea Bwana aliahidi kurudisha mara nne. Mzee asishike panga la kuvunia kabla ya kushika kamba ya ng'ombe.

KatibuWaJumuiya:
Mzee mwenyewe hana kitu. Ana ndama mmoja.

Zakayo19:
Basi aende na huyo ndama, na aseme ukweli. Pasipo ukweli, hata ng'ombe kumi ni hongo.

Mkulima_Moiben:
Samahani, mahindi yanaoza nyinyi mnachambua Injili ya Luka! Mambo ya mzee yana wiki zake. Kwa sasa mwulize mama anawataka nani shambani. Akitaja watatu, waende watatu.

Dada_Neema:
Na hao wanaoguna msiwapuuze, swali lao ni la haki. Vunieni na mjane wa Kikalenjin wiki hiyohiyo. Jingine: mama akipika githeri, yaani mahindi na maharagwe, kuleni. Niliona kikundi fulani kikivuna kwa jirani wa kabila lingine na vyakula vyao mkononi, kana kwamba wamepikiwa sumu. Hawakusema neno baya hata moja, lakini mwenye shamba alielewa.

Mama_Tumaini:
Dada Neema umenena. Mpeni naye nafasi ya kutoa. Hata kama hawezi kuinama, anaweza kukaa na kuchambua mahindi mabovu kwa huyo mjane mwenzake.

KatibuWaJumuiya:
Asanteni nyote. Nimetoka kwake sasa hivi. Ametaja wanne: mke wangu, katekista, na vijana wawili ambao 2008 hawakuwa wamezaliwa. Mimi hakunitaja, na sikuuliza. Amesema githeri itakuwepo. Mzee nitamwendea kesho jioni na katekista, faraghani. Akikataa, nitampelekea Padre suala la usomaji wake. Mavuno ya mjane wa pili tumeyapanga Alhamisi. Mwaniaji amenuna, amesema tutamkumbuka.

Kilichobaki ni kupukuchua. Mwenye mashine karibu na hapa, na asiyetafuta kiti chochote, aniandikie.