MREJESHO: Vipindi 4 vya mwanzo vya anime ya Frieren, nimeelewa

Wakuu, niliuliza mambo mawili: miaka inahesabiwaje, na kwa nini uchawi wa pepo Qual, uliokuwa tishio kubwa, unazuiwa na binti mdogo kama Fern, mwanafunzi wa mchawi Frieren. Nimerudia vipindi vyote kwa maelekezo yenu. Asanteni sana.

Miaka: kosa langu lilikuwa kuruka maandishi ya chini. Miaka inahesabiwa tangu kifo cha shujaa Himmel, si tangu kushindwa kwa Mfalme wa Pepo. Safari ya kumshinda Mfalme wa Pepo miaka 10, vimondo baada ya 50, Himmel anafariki. Inapita 20, Frieren anafika kwa kasisi Heiter, mwenzao wa safari. Anakaa 4 akifasiri kitabu na kumfundisha Fern. Tangu Mfalme wa Pepo ashindwe jumla ni 74, kwa hiyo Qual kufungiwa miaka 80 iliyopita, safari ikiendelea, kunaingia sawasawa.

Qual sasa. Zoltraak, uchawi wake wa kuua, haikudhoofika hata kidogo. Wanadamu waliichambua miaka yote hiyo, wakaunda ngao ya kuizuia, na leo ni shambulizi la kawaida tu. Tazameni ngao ya Fern kwa karibu: vipande vya pembe sita vinaungana. Ulinzi huo unakula mana (nguvu za kichawi) nyingi mno, na Qual analing'amua hilo papo hapo, ndiyo maana anamimina mashambulizi mfululizo. Akili ya kutisha!

Anayeanza: tazama vyote 4 kwa mkupuo. Vilirushwa Japani pamoja tarehe 29 Septemba 2023, na machozi ya Frieren mazikoni yanajibiwa taratibu hadi cha 4, pale Eisen, mpiganaji mwenzao wa safari, anapomwelekeza Aureole, mahali roho za wafu zinapopumzika.