Mjadala: Maeneo ya wazi ya mitaa Mbeya yalimwe mboga za wakazi?

Mleta mada: Viwanja vya wazi mitaani kwetu vimebaki majani na mbuzi. Napendekeza wakazi wavigeuze bustani, mtu achume fungu lake bila kungoja mzigo wa mboga kutoka Uyole au kupanda daladala hadi soko la Mwanjelwa. Wadau mnasemaje?

Mpinzani: Mkuu, umeanza na ardhi, kumbe shida ni maji. Kipindi cha mvua mboga zimejaa sokoni, nani atahangaika? Bustani inatakiwa kiangazi. Sasa tuta la mita 1 kwa 10 linakunywa madumu mawili ya lita 20 kwa siku. Matuta 20 ni lita 800, karibu uniti nzima ya bomba (lita 1,000) kila siku. Bili ya nani? Na msiniambie habari ya kukinga mvua: tanki la lita 5,000 halimalizi wiki.

Mtu wa bustani: Basi yawe matano, lita 200. Kiangazi msiinue tuta, lizamisheni sentimita 15 maji yasikimbie, mtandaze majani makavu. Kila tuta ndoo nne za samadi iliyoiva. Mbichi inaunguza miche na kuleta mbegu za magugu. Chainizi ya Juni msipande, baridi ya usiku inaifanya iwahi kutoa maua kabla hamjala. Wekeni sukuma wiki mistari miwili, sentimita 45 mche hadi mche. Chumeni majani ya chini, kiini msikiguse.

Mpinzani: Hiyo ni miche kama 220. Mtaa mzima utakula nini hapo?

Mtu wa bustani: Mtaa mzima hauli, na aliyewaahidi hivyo amewadanganya. Zinatosha kaya kumi hivi, kila mbili tuta lao. Tuta la wote huwa linachumwa na wote, kumwagilia hakuna.

Mchangiaji mwingine: Kwa nini tusilime bondeni, kandokando ya mto? Maji ya bure.

Mpinzani: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo ndani ya mita 60 za mto. Halafu huko juu watu wanatiririsha maji ya vyoo, na mboga nyingine mnazila kachumbari.

Mleta mada: Sawa, kaya kumi, matuta matano, mita ya maji ya peke yake. Kabla ya jembe, nani anaufuata muhtasari wa kikao cha serikali ya mtaa wa kuturuhusu kiwanja? Bila huo, siku kiwanja kikipata mwenyewe tutang'oa sukuma usiku.